Masika ya Mtani Wangu Minza

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha leo, ya kutuliza vumbi tu. Na chumba cha pili, kile kilichokuwa duka la dawa za mifugo, kimepata mpangaji. Fundi cherehani. Yaani vyumba vyote vilivyo wazi Magamba hii, fundi mwenzangu kaja kubanana na mimi ukuta kwa ukuta.

Anaitwa Minza. Ni Msukuma. Baba yake alihamia Kasansa na ng'ombe zamani, yeye kasomea ushonaji chuoni mjini Mpanda. Hata thelathini hajafika. Kashusha cherehani ya umeme na ile mashine ya ovaloki ya kupiga pindo, zote nyeupe, zinang'aa kama friji dukani. Mimi nina cherehani yangu nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, aliyoniachia mama. Nilimsaidia kubeba meza kwa sababu watu walikuwa wanaangalia.

Jumanne, 26 Novemba

Daftari hili nimelinunua ili nisiwe namalizia hasira zangu kwa Adolf. Adolf ni mume wangu, anaendesha bajaji kati ya hapa na mjini. Anasema nikianza kulalamika hata injini inazima.

Basi niandike. Hapa kwetu tuna soko, tuna kanisa, tuna stendi ya bajaji, tuna hadi mtu wa kutengeneza simu. Lakini mtu akioga na kuvaa viatu anasema "naenda mjini", utafikiri anatoka porini. Mpanda inatusogelea kila mwaka, nyumba kwa nyumba, hivi karibuni hatutajua wao wanaishia wapi na sisi tunaanzia wapi. Hata hivyo nguo nzuri inashonwa kule, na mimi naachiwa sare za shule na suruali za kupunguza. Hilo nilishalizoea. Ni la wote, halimuumi mtu mmoja.

Leo imekuja gari ndogo kutoka mjini, wamama wa ofisini, wanatafuta fundi wa Magamba. Nikasimama, nikajifuta nyuzi kwenye sketi. Wakasema, "Yule mwenye ovaloki."

Watu wa mjini wanakuja Magamba kushona. Nimesubiri siku hiyo tangu nilipoanza kazi, na imekuja kwa mwingine.

Jumamosi, 30 Novemba

Leo nimemwambia. Foleni ilikuwa mlangoni kwake, nikasema kwa sauti kila mtu asikie, "Angalieni nguo zenu. Huyu Msukuma kazoea kushona magunia ya pamba."

Watu wakaangua kicheko. Nilikuwa nimesahau kwamba mimi ni Mfipa na yeye ni Msukuma, sisi ni watani, na hakuna neno la mtani linalohesabiwa kuwa tusi. Minza akatoa kichwa mlangoni. "Mtani," akasema, "gunia la pamba halichaniki. Ninyi Wafipa mnashona kwa haraka muwahi kupanda ungo usiku." Sijui alisema nini zaidi, nilikuwa nimeshaingia ndani.

Mchana walikuja wengine, wanataka kumwona fundi wa magunia. Nimemtangazia biashara bure.

Alhamisi, 12 Desemba

Mvua kutwa.

Jumanne, 24 Desemba

Adolf kaleta migebuka, samaki wa ziwani, ya kuchoma kutoka kwa rafiki yake wa Karema, nikaiweka kwenye sahani mlangoni ipoe. Minza kapita, kachukua mmoja, mkubwa kuliko wote, kaanza kula amesimama. "Haki ya mtani," akasema. Ni kweli, mtani akichukua kitu chako huruhusiwi hata kununa. Nikacheka kwa meno tu.

Adolf yeye kacheka mpaka kashika ukuta. Hajacheka hivyo tangu bajaji yake ilipokuwa mpya.

Jumatano, 8 Januari

Mahindi ya watu yamefika kiunoni. Barabara ya mjini imeharibika, bajaji zinazunguka kwa nyuma. Nilifurahi nikijua wamama wa ofisini hawatafika. Wamefika. Wamevua viatu, wamevuka tope wakiwa wamebeba vitenge kichwani. Kwangu hakuna aliyewahi kuvuka hata kivuli.

Jumapili, 19 Januari

Nimemwangalia kanisani. Amevaa gauni alilolishona mwenyewe, mabega yamekaa sawa, kiuno kimekaa sawa. Nilitafuta kosa toka wimbo wa mwanzo mpaka komunyo. Sikulipata, na komunyo nikapokea nikiwa na kijiba cha roho.

Ijumaa, 31 Januari

Umeme umekatika kutwa. Mashine zake zimelala, yangu imefanya kazi. Nimekanyaga kwa nguvu makusudi ili asikie. Akapiga ukuta, akasema, "Mtani, hiyo treni inafika Tabora saa ngapi?" Nilikuwa na jibu zuri. Sikumpa.

Jumamosi, 22 Februari

Sijui nianzie wapi.

Kwaya ya kigango chetu inabadilisha sare Pasaka hii. Sare za kwaya ninashona mimi. Hilo halijawahi kujadiliwa, ni kama kengele kupigwa Jumapili. Mimi ni sauti ya pili kwenye kwaya hiyo, mabega ya kila mtu nayajua, nani ana bega moja limeshuka, nani kanenepa akaona aibu kusema. Kwa mwaka mzima nikikosa kila kitu, sare za kwaya ndizo zinanifanya niitwe fundi.

Leo baada ya mazoezi Optatus, mwalimu wa kwaya, kasimama anakunjakunja karatasi za nyimbo. Nikajua. Mtu akianza kukunja karatasi, habari si nzuri.

"Wanakwaya wameonelea," akasema, "mwaka huu tumpe na dada Minza nafasi. Ni kwa ajili ya pindo, ile ovaloki. Mama Bibiana, wewe ni mama yetu, utaelewa."

Nikatazama kila uso. Walikuwa wanaangalia sakafu. Mariana, ambaye nimemshonea gauni la harusi akalia kwa furaha pale pale kwangu, naye anaangalia sakafu. Nikasema, "Naelewa." Nikaimba na wimbo wa kufunga. Sauti ya pili yote, bila kukosea.

Nimerudi nimelia kwenye shuka la Adolf. Sitaki kumwonea Minza wivu. Namwonea. Namwonea ovaloki, namwonea miaka yake, namwonea mkono wake unavyoshika mkasi, na mkasi haumkatai. Namwonea hata jinsi anavyonipenda, maana mimi siwezi kumpenda, na hilo pia kanizidi.

Jumamosi, 1 Machi

Vitambaa vya kwaya vimeletwa, vya zambarau na vyeupe. Walivibeba wakipita mlangoni kwangu wakiimba. Mimi nilikuwa naweka zipu kwenye suruali ya mtu.

Nikatoka. Watu walikuwa wengi, siku ya soko. Nikanyoosha kidole nikasema, "Minza, mvua hizi haziishi kabla sijakushushia radi, wewe na mashine zako."

Wakacheka sana. Wafipa na radi, kila mtu anaujua utani huo, tumesingiziwa tangu enzi za babu zetu. Minza akaita kutoka ndani, "Ishushe mtani, ila nisubiri nimalize pindo." Nikaingia nikafunga mlango, nikakaa juu ya rundo la vitambaa. Sikuwa natania. Kama radi ingekuwa na kamba, ningeivuta.

Jumanne, 4 Machi

Radi imepiga.

Ilikuwa saa tisa mchana. Mvua ilikuwa imekaza, mara mwanga, na mlio uliokuja pamoja na mwanga, hapo hapo, mpaka mkasi ukaruka mezani. Halafu harufu ya kitu kilichoungua. Nilikimbilia kwa Minza kabla ya mtu yeyote, Mungu anajua kwamba nilikimbia. Alikuwa sakafuni, macho wazi, mkono wa kulia umekakamaa. Cherehani ilikuwa inatoa moshi. Ovaloki imepasuka ubavuni. Nilimshika nikamwita, akaniangalia, akasema, "Ng'ombe." Nyuma ya nyumba, chini ya mkaratusi, ng'ombe wa maziwa wa Malale, kaka yake Minza, alikuwa amelala ubavu, kamba bado imefungwa kwenye mti.

Tukambeba Minza kwa bajaji ya Adolf kumpeleka hospitali. Niliporudi watu walikuwa wamejaa uani. Nilipopita wakanipisha njia. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba, hakuna aliyenitania.

Alhamisi, 6 Machi

Minza ameruhusiwa. Mkono una ganzi lakini atapona, ndivyo walivyomwambia.

Mariana kaja kuchukua kitambaa chake. Hakijashonwa, nikamwambia. Akasema atakichukua hivyo hivyo. Hakuingia ndani, alisubiri mvuani nimletee.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani benchi langu lilikuwa wazi pande zote mbili. Optatus kaniambia nipumzike kuimba kidogo, mpaka mambo yapoe. Adolf karudi mapema kutoka stendi, anasema watu wanapanda bajaji za wenzake. Alikula, akaosha sahani mwenyewe, kitu ambacho hafanyi.

"Ile ya radi, ulisema kweli?" akaniuliza baadaye.

"Ulinisikia. Wewe si ulicheka?"

"Nilicheka," akasema. "Kila mtu alicheka."

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi nimekuta mlango wangu umepakwa majivu. Mwenyekiti wetu, mzee Lyamba, kanitumia ujumbe nifike kwake kesho. Malale anakuja na wanaume wa sungusungu, wale walinzi wa jadi. Nyie mnaosoma mambo ya watu mnajua sungusungu wanapoitwa kwa ajili ya mwanamke na radi mambo huishaje. Bibi mmoja kule alikotoka mama yangu aliambiwa ahame. Hakuhama, na siku chache baadaye tukaitwa kwenye msiba.

Adolf anataka tuondoke usiku huu kwenda kwa dada yake kule Sibwesa. Nikasema nikikimbia nitakuwa nimekubali.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa nyumbani kwangu.

Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya mzee Lyamba, fimbo zimelala magotini. Malale ni mtu mrefu, mpole, siku zote hunisalimia kwa mikono miwili. Leo hakunisalimia. Alisema taratibu, ndiyo maana niliogopa zaidi. "Sisi hatutaki maneno mengi. Alisema mbele za watu mchana kweupe kwamba atashusha radi. Ikashuka. Ahame kabla ya Jumapili. Asipohama, mimi sitaweza kuwazuia vijana."

Mzee Lyamba akasema serikali haina kesi ya radi. Mmoja akajibu, "Ndiyo maana tumekuja wenyewe."

Minza aliletwa amekalishwa kwenye kiti, mkono umefungwa kwa kanga. Nilikuwa sijamwona tangu hospitali. Nikasema moyoni, leo analipiza. Angenyamaza tu, mimi ningekuwa nimekwisha. Mteja angekuwa wake, ukuta wake, Magamba yote yake. Na mimi ningekuwa yeye, najua ningenyamaza.

"Kaka, subiri kidogo," akasema. Akanigeukia. "Mama Bibiana, ulisema?"

"Nilisema."

"Na mimi nikakujibu nini?"

Nikarudia maneno yake. "Ulisema nikusubiri umalize pindo."

"Sasa sikilizeni," akawaambia. "Lile pindo la zambarau nililimaliza Jumanne hiyo saa nane na nusu, nikalikunja, nikaliweka kwenye meza. Saa tisa radi. Kwa hiyo mtani wangu hana kosa lolote. Alisubiri kama tulivyokubaliana."

Mzee mmoja wa sungusungu alikohoa. Kumbe hakuwa anakohoa, alikuwa anacheka na anajizuia. Akashindwa. Mwenzake akamfuata. Ghafla mabenchi yote yakawa yanatikisika, na mzee Lyamba anajifuta macho.

Malale hakucheka. "Na ng'ombe wangu?"

"Ng'ombe wako ulimfunga wewe chini ya mti mrefu kwenye mvua," Minza akasema. "Nilikukataza toka Januari. Utamshitaki nani?" Malale akaangalia fimbo yake.

"Lakini utani una malipo," Minza akaendelea. "Huyu Mfipa kaniunguzia mashine zangu. Nachukua cherehani yake. Leo. Na mkono wangu ni mgonjwa, kwa hiyo aje nayo, akanyage yeye. Sare za kwaya hazijaisha."

"Haki ya mtani," wakasema wanaume. Wamesimama, wamechukua fimbo, wameenda kuibeba cherehani ya mama yangu wakitaniana njiani, nani mwenye mgongo wa Kifipa na nani mwenye mgongo wa Kisukuma. Wamenitoa kaburini kwa kicheko.

Nikiri hili hapa, maana hakuna mwingine wa kuambiwa. Hata pale nilipokuwa naokolewa, kitu ndani yangu kilikuwa kinasema: ona wanavyompenda.

Jumatatu, 17 Machi

Nashona kwake. Anakata kwa mkono wa kushoto, vibaya, ananiangalia nikirekebisha. Pindo nalipiga kwa mkono, sindano na uzi, kama mama alivyonifundisha. Wateja wanaingia wanasema, "Minza, kazi nzuri hii." Anasema asante.

Jumamosi, 29 Machi

Optatus kaja kujaribu sare yake. Bega lake la kushoto limeshuka, mimi najua, nikaliwekea kitambaa ndani bila kumwambia. Akajiangalia kwenye kioo, akaonekana amenyooka. Akamgeukia Minza. "Dada, una mikono ya dhahabu."

Mmoja wa hiyo mikono ya dhahabu ulikuwa umefungwa kwenye kanga.

Huyu mwanamke ananidai roho yangu, na bado nataka kumkaba kwa ajili ya bega la Optatus.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua zimepungua. Mahindi yanakauka shambani.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Tulibaki sisi wawili tunashona vifungo vya mwisho. Cherehani imenyamaza, na nje watu wanaelekea kwenye njia ya msalaba.

"Mimi nilijua hukuwa unatania," Minza akasema.

Sindano ikanichoma. Nikanyonya kidole.

"Tangu radi?"

"Tangu magunia ya pamba."

Nikamwuliza alijuaje. Hakuniangalia, alikuwa anatafuta kifungo sakafuni.

"Mtani akitania anasimama kusubiri jibu. Ndiyo raha yake. Wewe ulikuwa unasema halafu unaingia ndani."

Nikamwuliza kwa nini basi alinitetea, wakati alijua nilikuwa nimeomba radi kwa moyo wote.

"Wangekuua," akasema. "Na wewe ulinikimbilia wa kwanza. Nilikuona nikiwa sakafuni, ulikuwa na tepu ya kupimia shingoni. Mtu aliyetuma radi haji na tepu." Halafu akasema, "Na mimi naijua kazi yako. Nilipokuwa chuoni mwalimu wetu alituletea sare ya kwaya ya Magamba, akatupasulia kola tuone ilivyoshonwa ndani. Nikauliza huyo fundi yuko wapi. Ndiyo maana nilichukua chumba hiki."

Nimeandika sentensi hiyo, nimeisoma, nimeisoma tena. Masika yote nimekuwa nikitafuta kosa kwenye mabega ya mtu aliyekuja kukaa ukuta mmoja na mimi kwa ajili ya kola yangu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Tumeimba, nami nimo, nafasi yangu ile ile. Zambarau na nyeupe, na jua likiingia. Padre kasifu sare akiwa altareni, akasema fundi asimame. Watu wakageuka kwa Minza.

Minza hakusimama. Alikaa, akakunja mikono, akanitazama. Alikaa hivyo mpaka watu wote wakaanza kufuata macho yake, benchi kwa benchi. Nikasimama. Waliposhangilia nilitaka kufurahi, nikafurahi. Na bado kidogo, kwa pembeni, nikamwonea wivu kwa kujua kukaa hivyo.

Jumatatu, 28 Aprili

Jua kali, anga jeupe, masika yamekwisha. Malale kauza ng'ombe wengine, Minza kapata cherehani mpya ya umeme. Vijana wamenirudishia yangu, imepakwa mafuta, inateleza. Gari ndogo ya mjini imekuja tena. Mama mmoja aliingia kwake, mwingine akasimama katikati, hajui mlango upi. Roho iliniuma kidogo nikisubiri achague. Itaendelea kuniuma, sijidanganyi.

Alipoingia kwa Minza, nikatoka mlangoni.

"We Msukuma," nikaita, "hiyo mashine yako mpya mbona inalia kama ndama aliyeachwa Kasansa?"

Mashine ikanyamaza ndani. Wamama wa mjini wakatazamana, hawajui kama ni ugomvi. Nikaegemea fremu ya mlango, tepu shingoni, nikakunja mikono.

Sikuingia ndani.